Nusu Hema, Sebule Nzima

Kama nawe unaishi na watu wanaopenda mambo yao kwa moyo wote, sogea hapa tuliwazane. Kwangu wako watano kwa sasa, na bafu ni moja.

Yuko mke wangu, tunayemwita Waziri kwa kuwa senti haitoki bila saini yake. Yuko binti yetu Wakili, ambaye hata kuoga hakubali mpaka kesi isikilizwe. Yuko shemeji yangu, mdogo wake Waziri, aliyekuja kukaa nasi kidogo huku akitafuta chumba. Jina lake la humu ndani ni Bwana Kesho, na sababu umeshaijua. Yuko mama mkwe, aliyefika kutoka Tanga wakati baridi bado kali, akatukuta tumeshavurugana. Halafu yuko Sajenti, kifungua mimba wetu, ambaye ndiye chanzo cha haya yote.

Tunaishi nje kidogo ya Philadelphia, jimbo la Pennsylvania. Mwalimu wa historia aliwapeleka wanafunzi wake La Mott, kitongoji tunachokipita kila tukienda sokoni, akawaonyesha mahali ilipokuwa Camp William Penn. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1863, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, serikali ya Lincoln ilipokubali hatimaye kuwaandikisha watu weusi jeshini, na karibu askari 11,000 walifundishwa pale kabla ya kupelekwa vitani Kusini. Hakuna kambi nyingine ya serikali iliyofundisha askari weusi wengi kiasi hicho. Ardhi yenyewe ilikuwa ya mkwe wa Lucretia Mott, yule mama wa Quaker aliyeupinga utumwa maisha yake yote. Kijana alirudi kimya, akala kimya, kisha akasema, "Baba, walikuwa wanalala pale pale tunapopita kununua vitunguu."

Haikupita muda akajiunga na kikundi cha maigizo ya kihistoria. Ni watu wa rika zote wanaovaa sare za buluu za United States Colored Troops, yaani vikosi vya askari weusi, wanaolala nje kama walivyolala askari wale, wanapiga kwata, wanapika maharage na nyama ya chumvi, na kuwaeleza watoto wa shule kwamba watu weusi wapatao 179,000 walibeba bunduki katika vita ile. Nilikwenda kuwatazama mara ya kwanza nikarudi nimeshiba moyo. Kiongozi wao ni mzee mmoja mpole, fundi bomba mstaafu, mwenye sharti moja tu: kambini kisiingie kitu ambacho askari wa mwaka 1864 angekishangaa. Simu zinabaki garini, na chupa za plastiki vivyo hivyo. Sajenti akaanza kukusanya vifaa kimoja kimoja, koti, viatu, kikombe cha bati, mpaka ikafika zamu ya hema. Na hapo ndipo sebule yangu ilipoanza kuondoka.

Lazima nikueleze hema lenyewe, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini familia nzima iligombana. Jeshi la Kaskazini lilimgawia kila askari nusu hema: kipande cha turubai la pamba chenye vifungo upande mmoja na vitundu vya kamba kwenye pembe. Askari alibeba nusu yake mgongoni, na jioni akatafuta mwenzake mwenye nusu ya pili, wakazifunga pamoja na kulala chini yake. Kama miti ya kusimamishia haikupatikana, bunduki mbili zilichomekwa ardhini kwa singe zake, kamba ikapitishwa juu, turubai likatandazwa. Mbele wazi, nyuma wazi. Wenyewe waliliita hema la mbwa.

Wakili akapinga. Yeye alitaka hema la Sibley, lile refu la duara lenye nguzo moja katikati. Henry Hopkins Sibley, ofisa wa jeshi la Marekani, alilipatia hataza mwaka 1856 kwa kufuata mfano wa mahema ya wenyeji wa asili wa nyanda za magharibi. Lina kipenyo cha futi 18 na kimo cha futi 12, na watu kumi na wawili wanalala humo kwa raha, miguu ikielekea katikati penye jiko. Dari yetu ina futi nane. Waziri hakuhitaji hata kushika kalamu.

Sajenti naye alikuwa na neno. Vita vilipoanza, Sibley alihamia upande wa Kusini, upande uliopigania utumwa. Kwa mkataba, kila hema lililotengenezwa lilipaswa kulipiwa dola 5. Jeshi la Kaskazini lilitumia mahema yake zaidi ya 40,000 na yeye asipate kitu. Nusu ya haki ile, hata hivyo, ilikuwa ya ofisa mwenzake, William Burns, aliyebaki Kaskazini, akadai fungu lake mpaka Mahakama Kuu, akashinda. Wakili aliposikia habari za Burns akasahau hema lenyewe, akataka aisome hukumu. Sajenti akaendelea kwamba mwaka 1870 Sibley aliajiriwa na Khedive Ismail wa Misri, pamoja na maofisa wengine wa Kimarekani waliokosa kazi baada ya vita, na mwaka 1873 akaachishwa. Miaka miwili baadaye Khedive huyo huyo alituma meli Baraawa na Kismayu, mali ya Sultani Barghash wa Zanzibar, na miongoni mwa waliokwenda alikuwamo Mmarekani mwingine, Charles Chaillé-Long, aliyepigana upande wa Kaskazini. Mama mkwe alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Aliposikia Barghash, mkono ukasimama.

"Hao nao walifuata nini kwetu?"

Sajenti akamweleza kwamba Waingereza waliingilia kati na meli zikaondoka baada ya miezi michache. "Basi vizuri," akasema Bibi, akaendelea kukuna. Tangu siku ile akawa upande wa mjukuu wake, na ukishapata kura ya Bibi umemaliza uchaguzi.

Ikabaki Waziri. Alisema pesa hazipo, na kweli hazikuwapo. Sajenti hakubishana. Alimweleza mama yake kwamba askari weupe walilipwa dola 13 kwa mwezi na weusi 10, na katika hizo 10 wakakatwa 3 za nguo. Kikosi cha 54 cha Massachusetts kikakataa kupokea mshahara wa namna hiyo, kikaendelea kupigana bila malipo, mpaka Bunge liliposawazisha mwezi Juni 1864. Waziri ni muuguzi. Amewahi kusimama kwenye theluji na bango mkononi kudai haki ya wauguzi wenzake. Akafungua daftari, akaandika, akasaini.

Nusu hema ya kwanza ilitoka kwa mchuuzi mmoja aliyeuza kwa bei nafuu. Rafiki yake Sajenti, ambaye ndiye wa kulala naye, akanunua ya kwake kwingine. Wakakutana sebuleni kuzifunga. Kifungo cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaingia kwa kuvutwa. Cha tatu kikafika pasipo na tundu, na kadiri walivyoendelea ndivyo pengo lilivyozidi, mpaka upande mmoja ukabaki na mdomo wazi. Kila mshonaji ana vipimo vyake. Kwa mavazi hilo si neno, lakini nusu hema mbili zisipotoka kwenye kipimo kimoja, umelala nje.

Mama mkwe akalishika turubai. Ameshona maisha yake yote, na vidole vyake huviamini kuliko miwani. Akalikunja, akalisugua, akalinusa. "Hii si pamba," akasema. "Imechanganywa."

Karatasi iliyokuja na mzigo ilisema pamba tupu. Bibi akachomoa uzi mmoja kwenye pindo, akawasha jiko, akausogeza kwenye moto. Uzi wa pamba huwaka mara moja, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ukiyagusa yanapotea. Uzi ule ulijikunja, ukakimbia moto, ukayeyuka, ukaacha kishanga cheusi kigumu. Mimi ningeridhika hapo. Wakili hakuridhika; alisema uzi mmoja si ushahidi, unaweza kuwa wa kushonea tu, na kitambaa chenyewe hakijahojiwa. Hoja ilikuwa na uzito, kwa hiyo Sajenti akakata ukanda. Bibi akaupitisha motoni, ukashika. Moshi ukapanda, king'ora cha darini kikapasuka kulia, na Bwana Kesho, aliyekuwa bafuni baada ya zamu ya usiku, akatoka mbio mpaka barazani na taulo lake na povu kichwani, kwenye baridi, huku majirani wanafungua madirisha. Ndani ya sinia kulikuwa na utepe wa plastiki iliyoyeyuka. Mtoto wangu angelala chini ya kitu hicho hatua chache kutoka kwenye moto wa kuni. Nilirudisha mzigo siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo meza yetu ya kulia ikawa ofisi. Kuwatambua watengenezaji wa kweli wa mahema haya ni kazi. Yapo majina yaliyoheshimika kwa miaka mingi, kama Panther Primitives wa West Virginia na Tentsmiths wa New Hampshire, na baada yao kuna mafundi wadogo wadogo, mara nyingi mtu na mkewe na cherehani moja nzito, wasioshona mpaka uagize. Lakini katikati yao wamo wachuuzi wanaouza turubai lolote jeupe na kulipa jina la vita. Sajenti alikuwa na maswali yake kwenye daftari. Kitambaa ni pamba tupu, na uzito wake ni aunsi ngapi kwa yadi? Mshono umekunjwa na kulazwa, ule wa miguu ya suruali ya jinzi, au umepitishwa mara moja tu? Vifungo ni vya mfupa au bati, au ni plastiki? Vitundu vya kamba vimezungushiwa uzi kwa mkono, au vimegongwa pete za shaba? Halafu swali lake la mwisho, ambalo mimi naliona ndilo lililowachuja: umeinakili nusu hema ipi ya asili? Mchuuzi alijibu kwamba ni ya mtindo wa zamani. Fundi alijibu kwa maelezo marefu, kitambaa kile kiliungwa wapi, pindo lilikuwa na upana gani, na mara nyingine akaongeza swali lake mwenyewe. Mmoja wao aliongea na Sajenti kwenye simu mpaka wali ukapoa, wote wawili wakiwa na furaha isiyo kifani, juu ya kona moja ya turubai.

Tukaagiza kwa huyo wa kona. Nusu mbili, fundi mmoja, kipimo kimoja. Vitundu vya kushonwa kwa mkono alivitoza ziada, na Waziri akaikata ziada hiyo kwa kalamu nyekundu. Bibi akasema, "Leteni bila matundu. Nitatoboa mwenyewe."

Tulisubiri mpaka theluji ikaanza kuyeyuka. Mzigo ukafika, turubai zuri la rangi ya maziwa, lina vipunje vya mbegu za pamba ndani yake. Miti haikuwamo, kwani mafundi wengi hawasafirishi miti, gharama yake ni kubwa kuliko hema. Bwana Kesho akajitolea kutafuta miti. Unajua alisema ataitafuta lini.

Sasa, turubai jipya la pamba lina wanga wa kiwandani, na matundu ya sindano bado yako wazi. Inabidi ulilowanishe, nyuzi zivimbe na kuziba, kisha ulikaushe limenyooshwa. Nje bado maji yalikuwa yanaganda. Kwa hiyo Sajenti akalilaza kwenye beseni la kuogea, na maji yakageuka mazito kama uji wa mgonjwa. Bwana Kesho akarudi kazini alfajiri anataka kuoga, akakuta bafu limekaliwa. Akaambiwa asubiri. Wote tulikwenda kazini na shuleni siku ile bila kuoga, isipokuwa Bibi, ambaye huamka kabla ya kila mtu.

Kulikausha kulikuwa vita nyingine. Fimbo mbili za fagio za Waziri ndizo zilizosimama badala ya miti. Kamba ya juu ikafungwa upande mmoja kwenye mguu wa sofa, upande wa pili kwenye kabati la televisheni. Meza ikasukumwa ukutani, zulia likakunjwa. Tukalala. Bwana Kesho akaingia usiku, gizani, kwa adabu zake zote, hataki kutuamsha.

Kishindo kilituamsha hadi Wakili, ambaye huwa haamshwi na chochote. Nilipowasha taa, televisheni ilikuwa kifudifudi sakafuni, fimbo moja ya ufagio imevunjika, na shemeji yangu amelala ndani ya turubai bichi lililomfunika mpaka kichwani. Sajenti alikuwa wa kwanza kumfikia. Akauliza, "Mjomba, limechanika?" Waziri aliitazama televisheni, akalitazama daftari lake lililokuwa juu ya kabati na sasa limelowa, akarudi kulala bila neno. Nimeishi naye miaka mingi, na ukimya wake naujua bei. Asubuhi nilinunua ufagio mpya kabla hajaamka.

Turubai halikuchanika hata uzi. Ndiyo maana nampenda fundi yule.

Halafu likawa la Bibi. Alihamia nalo dirishani, akaketi mkekani, turubai limemzunguka, sindano mkononi. Huko Tanga ameshona kofia za viua tangu akiwa msichana, zile ambazo kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono mpaka kinakuwa kigumu ukingoni. Kwa hiyo vitundu vya hema havikumpa shida. Alilalamika tu kwamba ni vikubwa mno, kazi ya watoto. Alitoboa kwa msumari badala ya kukata, kwa sababu ukikata unaua nyuzi, ukitoboa unazisukuma kando na zinabaki na nguvu. Akapitisha uzi wa kitani uliopakwa nta, akazungusha, akakaza, akalowesha ncha kwa ulimi, akazungusha tena. Nilikaa karibu yake nikitazama, na kusema kweli sikutaka amalize.

Alikuwa anazungumza huku anashona. Bibi yake yeye alimsimulia juu ya merikani, ile nguo ngumu ya pamba iliyokuwa ikija na merikebu za Wamarekani. Sajenti akadakia, kwa sababu hilo amelisoma. Marekani na Sultani Said walitia saini mkataba mwaka 1833, na meli za Salem zikawa zinaleta Zanzibar vitambaa vya viwanda vya Massachusetts na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Pamba yenyewe ilivunwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipoanza mwaka 1861, pamba ikakwama, bei ikapanda, merikani ikaadimika madukani Zanzibar, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Bibi aliweka sindano chini.

"Kwa hiyo hawa askari wako," akamwuliza, "walikuwa wanapigana ili waliovuna pamba ile waachiwe?"

"Ndiyo, Bibi. Na wengine walikuwa wameivuna wenyewe."

Akaokota sindano, akafumua kitundu alichokuwa amekimaliza, akakishona upya.

Nami nikawa namfikiria mshonaji wa zamani. Hapa hapa Philadelphia lilikuwapo ghala la jeshi la Schuylkill, ambalo wakati wa vita liliwapa kazi maelfu ya wanawake. Walichukua vipande vya sare vilivyokwisha kukatwa, wakavibeba majumbani, wakashona usiku, wakarudisha, wakalipwa kwa kipande. Wengi walikuwa wake na mama wa waliokuwa vitani. Mhuri uliopigwa kwenye nguo ulikuwa wa mkaguzi au wa mkandarasi, si wao. Tunapohangaika kumjua fundi wa hema la kuiga, nataka tuwakumbuke na hao, maana bila mikono yao hakuna askari aliyevaa wala kujifunika.

Siku ya maonyesho La Mott ilikuwa ya jua. Nusu mbili zikafungwa, kifungo baada ya kifungo, bila kuvutana. Yule mzee fundi bomba akapita akikagua. Kwa Sajenti akachuchumaa. Akapitisha kidole gumba kwenye kitundu kimoja, akakirudia, akahamia cha pili, kisha akainua kichwa na kuuliza hema limetengenezwa na nani. Sajenti akataja jina la fundi, halafu akaelekeza mkono kwa Bibi, aliyekuwa kwenye kiti cha kukunja na mtandio wake, anakula karanga. Mzee akavua kofia ya jeshi. Wakili akasogea kutafsiri, na mimi nikaenda kumtafuta Bwana Kesho, aliyekuwa ameahidi kuleta barafu.

Niliporudi, palikuwa na foleni.

Basi ndivyo tulivyo sasa. Tiketi ya mama mkwe imesogezwa mbele. Waziri amefungua daftari jipya, lina ukurasa wa kila mteja, na bei ameipanga yeye; ya kazi ya mkono haruhusu ipunguzwe. Mteja mmoja aliuliza kama anaweza kugongewa pete za shaba ili apate mapema, na Bibi akamjibu kupitia Wakili kwamba mafundi wa pete ni wengi, awatafute. Gari limetolewa gereji kwa sababu ya majora ya turubai. Kazi yangu ni kupaka nyuzi nta kila baada ya chakula cha jioni, nami naifanya kwa moyo mmoja. Jora lingine linafika Jumatano, na Bwana Kesho amesema atakuwapo kulipokea, kwa hiyo nimeomba ruhusa kazini.